Kiti cha Upande wa Ziwa

Mama yangu alikuwa mtu wa ng'ambo, upande wa Ziwa Mweru uliokuwa chini ya Wabelgiji, na baba yangu alikuwa mvuvi wa Nchelenge. Ndoa yao ilipovunjika nilikuwa mtoto wa kubeba ndoo ndogo kichwani. Wajomba zangu walikuja na mtumbwi mkubwa, wakakaa na wazee wa upande wa baba tangu asubuhi mpaka jua likawa kali. Kwa watu wa baba mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa watu wa mama mtoto ni wa baba. Kwa hiyo kila upande, kwa heshima, ulinisukumia kwa mwenzake, na mwisho wajomba walimchukua dada yao na vyungu vyake wakaniacha. Nililelewa na shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke mwenye mikono mizito na moyo mwepesi.

Nyumbani tulisema Kibemba. Kiswahili kilikuwa cha mama, na alipoondoka kikabaki kwa wanunuzi wa samaki waliotoka Kasenga, ng'ambo, na maboti yao ya barafu. Nilikuwa nakwenda pale wanapofunga maboti, sina kitu cha kuuza. Nilikwenda kusikia mtu akisema "mayi" badala ya maji, "muzungu" badala ya mzungu, kama mama alivyosema. Ndivyo lugha ile haikunitoka.

Siku nyingi za mwaka ziwa halina upande wa pili. Maji yanakwenda yanakwenda mpaka yanakuwa mbingu. Lakini mvua kubwa ikishapita, hewa ikawa safi, milima ya ng'ambo inajitokeza juu ya maji, myembamba, ya buluu. Siku kama hizo shangazi alinituma kuni akijua nitachelewa. Nilisimama ufukweni nikaitazama ile milima hadi ikafutika. Nilimwuliza baba mara moja kama kijiji cha mama kiko chini ya milima ile. Alikuwa anashona wavu. Akasema, "Kipo huko huko," akaendelea kushona.

Nilipokuwa msichana mkubwa nilipata kazi ya kuwasaidia wauguzi katika hospitali ya misheni. Nilifua bandeji, nilimwaga ndoo, nilishika taa. Kazi yangu kubwa hasa ilikuwa kusema. Wagonjwa wa ng'ambo walipoletwa, mimi ndiye niliyeitwa kusimama kati yao na daktari.

Masika moja aliletwa mwanamke kutoka kisiwa cha Chisenga. Alikuwa mtu wa ng'ambo aliyeolewa kisiwani, mama wa watoto wawili, amenizidi umri kidogo tu. Mamba alimkamata mguu alipokuwa anachota maji. Mume wake alimpiga yule mamba kwa kasia mpaka akaachia. Mguu ulikuwa umevunjika na kidonda kilikuwa kinanuka. Daktari alikisafisha siku baada ya siku, mwishoni akaniita pembeni. Akasema hapa atalazimika kuukata, lakini kwenye hospitali kubwa ya Ndola huenda wakauokoa. Barabara ya kusini ilikuwa imemezwa na maji. Ingebidi apande ndege Kawambwa, na mtu wa kumsemea lazima aende naye.

Nilirudi kitandani kwake. Yeye aliniita mudogo, kwa maana ya mdogo wake, nami nilimwita yaya, kama tunavyomwita mkubwa wetu.

"Munganga anasema nini?" akauliza.

"Anasema utaenda Ndola na ndeke."

Ndeke ndiyo ndege, pande zote mbili za ziwa.

"Mi? Na ndeke? Apana. Mamba ilishindwa kuniua, sasa munataka ndeke iniue?"

"Nitaenda pamoja na wewe, yaya."

"Wewe ulishapanda?"

"Bado."

Akafumba macho. "Basi tutakufa babili, mi na wewe," akasema, na wanawake wa vitanda vya jirani wakacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Mimi sikuwa nafikiri kifo. Usiku ule nilifikiri jambo moja tu: juu ya ndege mtu anaona mbali. Kama kutoka ufukweni niliona milima, kutoka juu nitaona nini? Labda vijiji. Labda njia za kushuka majini, na mitumbwi iliyopangwa mchangani, na wanawake.

Kulikuwa na karani wa boma aliyewahi kusafiri kwa ndege kwenda Ndola na kurudi, na tangu siku hiyo hakuwa na hadithi nyingine. Watu walimkwepa. Mimi nilimfuata. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za ofisi akila karanga, nikapiga magoti kidogo, nikasema kwa heshima, "Mukwai, nataka kuuliza habari za ndeke."

Uso wake ulifunguka kama mlango. "Uliza, dada."

"Nikitaka kuona ziwa, nikae wapi?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza swali kama hilo. Aliweka karanga chini, akachora ndege mavumbini kwa kijiti. "Ukitoka Kawambwa kwenda Ndola, ziwa linabaki mkono wa kuume, nyuma kidogo. Kwa hiyo kaa kuume. Usikae mbele, mbele kuna nguzo inayoshika bawa, itakukata macho. Kaa nyuma kabisa. Asubuhi jua liko kushoto, kwa hiyo kuume kioo hakikupigi machoni. Na ukiingia, angalia kioo kwanza. Kama kichafu, kifute haraka kabla hawajakufunga mkanda."

"Na kurudi?"

"Kurudi, geuza yote. Kaa kushoto." Akafikiri. "Kwani unatafuta nini ziwani? Umezaliwa pembeni mwake."

"Upande wa pili," nikasema.

Hakuuliza tena. Alichora alama ndogo kwenye kiti cha nyuma, kuume, akasema, "Hicho hapo. Mimi sikukipata. Nilikaa kushoto, nikaona miti mpaka nikalala."

Tulisafiri kwa lori la misheni, mgonjwa amelazwa kwenye godoro na mguu wake umefungwa mbao. Tulipita bwawa la Mofwe, maji yakiwa yamepanda hadi kwenye majani, tukapanda mlima kwenda Kawambwa huku dereva akisali kwa sauti kila gurudumu lilipoteleza. Asubuhi yake mbingu ilikuwa imeoshwa. Ndege ilikuwa ndogo kuliko lori letu. Nilipoiona tu, macho yangu yalikwenda nyuma, kuume. Kulikuwa na dirisha. Kioo chake kilikuwa safi.

Waliingia kwanza wazungu, mume na mke wake, wakakaa mbele. Kisha rubani, kijana mwekundu mwenye kaptula, akatutazama sisi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimepanga kumweka yaya kiti cha karibu na mlango, asisumbuke, mimi nizunguke nikae kuume. Nikaanza kueleza kwa Kiingereza changu cha hospitali. Rubani akatikisa kichwa. Akasema mlango uko kushoto, na mtu mwenye mguu ulionyooka hawezi kukaa akaziba mlango. Mgonjwa atakaa kuume, nyuma. Mimi nitakaa kushoto.

Tulimbeba tukamweka kwenye kiti changu. Mguu wake uliegeshwa juu ya sanduku, na kati yetu yalipangwa magunia ya posta. Nilipofungwa mkanda, nilichokiona kwa upande wake kilikuwa kitambaa chake cha kichwa na kipande cha mbingu. Upande wangu niliona mlango na kioo chake kidogo.

Ndege ilipoanza kukimbia, yaya alijifunika uso kwa kitenge. Tulipoinuka alipiga kelele. Mkono wake ulivuka magunia ukanishika kama anavyoshika mtu anayezama. Miti ilishuka chini. Kwa upande wangu kulikuwa na msitu, kisha msitu. Nikalia. Niliona aibu kulia mbele ya mgonjwa, lakini hakuwa ananiona.

"Yaya!" nikapaza sauti, maana injini ilikuwa inatumeza. "Yaya, fungua macho!"

"Apana!"

"Nakuomba! Dirisha la ziwa liko kwako. Mama yangu iko ng'ambo. Niangalilie!"

Niliona kitenge kinashuka, kwanza jicho moja. Akageuza kichwa polepole kama mtu mwenye jipu shingoni.

"Unaona nini?"

"Miti."

"Mbele ya miti."

"Mayi," akasema. Kisha kwa sauti nyingine, "Mayi mingi, mudogo! Inaangaza!"

"Chisenga?"

Akabandika paji la uso kwenye kioo. Alikaa hivyo bila kujibu, mpaka nikadhani hofu imemrudia. Kumbe alikuwa anatafuta. "Iko pale," akasema. "Iko pale! Kadogo, kama bukari katikati ya sahani." Bukari ndiyo ugali wetu wa muhogo. Alianza kucheka, na katikati ya kicheko sauti ikamkatika. "Batoto yangu iko pale. Banacheza pale, na mi niko huku juu."

Nilimwacha alie kidogo. Lakini sikuweza kungoja sana. Ndege ilikuwa inakwenda, na kila dakika ilikuwa inalivuta ziwa nyuma.

"Na ng'ambo, yaya? Ng'ambo kuna nini?"

Alinigeukia. Alinitazama uso wangu uliolowa, kisha akarudi dirishani.

"Kuna milima," akasema. "Ya bulu. Na chini yake kuna muji, nyumba mingi, na mitumbwi. Kuna moshi unapanda. Kuna mutu anapika."

"Mwanamke?"

"Mwanamuke. Amesimama inje, anaangalia ndeke."

Niliegemeza kichwa kwenye kiti. Miti ya upande wangu iliendelea kupita chini, na sikuijali tena. Mpaka tunatua Ndola nilikuwa na moshi ule kifuani.

Tulikaa Ndola muda mrefu kuliko alivyosema daktari. Walimpasua mguu, wakaufunga, wakaufungua, wakaupasua tena. Mimi nililala kwenye nyumba ya wafanyakazi nyuma ya hospitali, na mchana nilikaa kitandani kwake nikimsemea. Jioni alinieleza habari za wanawe mpaka nikajua kikohozi cha mdogo na uongo wa mkubwa. Mimi nilimweleza kidogo nilichokuwa nacho cha mama: namna alivyosema "mayi", wimbo ambao nilishasahau maneno yake nikabaki na mlio, jinsi alivyokuwa akinusa mboga kabla ya kutia chumvi. Niliishiwa upesi. Yaya alisema, "Endelea," nami sikuwa na pa kuendelea.

Mguu uliokolewa. Ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, lakini ulikuwa mguu. Ilikuwa kiangazi tuliporudi. Safari hii alitembea kwa mkongojo, na rubani, si yule wa kwanza, alisema tukae tunapotaka. Nilikwenda moja kwa moja kushoto, nyuma, nikafuta kioo kwa upindo wa gauni. Yaya akakaa kando yangu.

"Leo angalia mwenyewe," akasema.

Niliangalia. Kwanza niliona mito iliyokauka. Kisha hewa ikaanza kuwa nyeupe kama maziwa, kisha ya majivu. Ilikuwa majira ya kuchoma majani, na nchi nzima ilikuwa inafuka. Kadiri tulivyokaribia ndivyo moshi ulivyozidi. Rubani alishusha ndege chini ili aone njia. Nilijua ziwa liko pale, kushoto, mbele. Niliendelea kuangalia mpaka pua yangu ikaacha doa kwenye kioo. Hakuna maji, hakuna kisiwa, hakuna milima. Kilikuwapo kijivu tu, na jua jekundu lisilo na miale.

"Sioni kitu," nikasema.

Yaya aliinama upande wangu. Kisha akasema karibu na sikio langu, "Mudogo, nikuambie neno?"

"Niambie."

"Siku ile ya kwenda, sikuona ng'ambo. Chisenga niliona, njo kweli. Lakini mbele yake mawingu ilifunika yote."

Sikumwelewa mara moja. "Na ule moshi?"

"Hapakuwa moshi."

"Na mwanamke?"

"Hapakuwa mutu. Ulikuwa unaniuliza na sauti ya mutoto. Ningekujibu nini?"

Nilimgeuzia mgongo. Nilikuwa nimelala nikimwaza mwanamke yule kila usiku wa Ndola. Nilikuwa nimempa gauni, nimempa mkono wa kukinga jua ili aione ndege vizuri. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Yaya hakunigusa. Tulipoanza kushuka Kawambwa ndipo aliposema tena, akitazama mbele kama anayesema na kiti kilichokuwa mbele yake.

"Mama yako hayuko mu dirisha. Iko mu muji yake. Bwana yangu iko na bwato. Nikifika kwangu, nikilala na batoto yangu, nitamutuma akubebe, akupeleke kwa mama yako."

Bwato ni mtumbwi. Nilikuwa nakaa kwenye nchi yenye mitumbwi mia moja, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno hilo la kuvuka. Wala mimi sikuwahi kulisema. Nilikuwa nimezoea kutazama.

Mume wake alikuja kweli, mvua za kwanza zilipotuliza moshi. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, na kovu la kasia kwenye kiganja. Nilikwenda kumuaga baba. Alikuwa amekaa pale anapokaa kila siku, wavu magotini.

"Tata, nakwenda ng'ambo."

Sindano ilisimama. Nilingoja akatae, na nilikuwa na majibu. Badala yake akasema, "Msalimie."

"Nimwambie nini?"

Alivuta uzi ukakaza. "Usimwambie nimezeeka," akasema.

Tulilala Chisenga, ambako yaya alinilisha mpaka nikaomba msamaha, na alfajiri tukavuka. Milima ilikua mbele yetu polepole. Karibu na ufuko nikaona haikuwa ya buluu hata kidogo. Ilikuwa ya kijani na mawe mekundu, na mbuzi. Mume wa yaya aliuliza watu wa mitumbwi, nao wakatuonyesha kijiji, na kijijini mtoto mmoja akakimbia mbele yetu akiita.

Mwanamke aliyetoka ndani ya nyumba alikuwa mfupi kuliko mimi. Hilo ndilo lililonishtua. Nilikuwa nimejiandaa kutazama juu. Alikuwa na unga mikononi, na nyuma yake walisimama watoto watatu wenye paji la uso kama langu.

"Njo weye?" akasema.

"Ni mimi, mama."

Alinipapasa uso kwa mikono yenye unga, masikio, shingo, kama mtu anayetafuta alama aliyoiacha. Kisha akawageukia wanawe akawaambia, "Salimieni mukubwa yenu," akaingia ndani haraka kupika, na nilimsikia humo ndani akilia kwa sauti ya chini huku akisonga.

Baada ya kula tuliketi nje. Aliuliza hali ya shangazi, nikajibu. Aliuliza hali ya baba. Nikasema anamsalimu, hajazeeka. Akatabasamu, akaniambia nisimdanganye. Kiswahili changu, nilichokitunza kwa miaka kwa wanunuzi wa samaki, kilimchekesha; alisema nasema kama mfanyabiashara. Nikamweleza habari za ndege, maana ndilo jambo kubwa nililokuwa nalo.

"Ndeke? Weye?" Aliwaita majirani waje wasikie. Walipoondoka akaniuliza, "Ulikaa upande gani?"

"Kwenda nilikaa upande wa msitu. Kurudi nilikaa upande wenu, lakini moshi ulifunika. Nilitaka kuona kwenu. Tangu utoto natazama milima yenu."

Alitazama ziwa. Kutoka kwake, mashariki, pale Nchelenge ilipo, nchi yetu ni tambarare. Hakuna kilima hata kimoja kinachojitokeza.

"Weye ulikuwa na milima," akasema. "Mi nilikuwa naangalia mayi tu."

Akaniambia nikae chini, kati ya magoti yake. Akachukua kitana cha mti, akanifumua nywele. Mume wa yaya alikuwa ameshaniambia upepo utageuka na lazima tuondoke kabla. Mama alisuka mistari ya kwenda nyuma, vidole vyake vigumu na vyepesi, akiimba mlio ule niliokuwa nao, sasa na maneno yake. Alipomaliza alinipapasa kichwa, akasema mistari imepinda. Akafumua, akaanza upya. Kule majini mume wa yaya aliniita. Mama alimjibu kwa sauti kubwa kwamba bado kidogo, na akafumua tena, na mimi, niliyehisi kwa ngozi ya kichwa kwamba mistari ilikuwa imenyooka, nilikaa pale pale nikainamisha kichwa.